Nimekuwa Mrefu, Lakini Naogopa Zamu ya Sungusungu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mkazi wa Mwanza, na kazi yangu ni biashara ya mabondo ya sangara, yaani vile vibofu vya hewa vya ndani ya samaki. Ninayanunua kwa wavuvi wa visiwani, upande wa Ukerewe na Kome, ninayakausha, kisha ninawauzia mawakala wanaoyapeleka China. Jambo ninalokuandikia nimelificha kwa watu wote isipokuwa mdogo wangu mmoja, na zimebaki wiki tatu tu kabla halijajitokeza lenyewe.

Tangu ujana wangu nilikuwa mfupi, sentimita 159, na pale mwaloni Kirumba waliniita Kipisi. Sikuwa mnyonge. Nilianza karate nikiwa sekondari, nikafika mkanda wa kahawia, na wachache waliojaribu kunionea walijuta. Hata hivyo jina halikunitoka. Siku tulipokwenda kuposa, mjomba wa binti aliniangalia, kisha akawauliza washenga wangu, mbele ya watu wote, kama bwana harusi mwenyewe bado yuko njiani. Watu walicheka hadi wazee wakashika mbavu. Posa ile haikufika popote, nami nikaanza kuweka fedha.

Baada ya miaka mitano nilikwenda Istanbul, Uturuki, nikafanyiwa upasuaji wa kurefusha miguu. Mifupa ya mapaja yote mawili ilikatwa, na ndani ya kila mfupa kikawekwa chuma kinachorefuka kidogo kidogo, milimita 1 kwa siku. Siku 70 zilinipa sentimita 7. Maumivu yake sitayaeleza hapa. Nilirudi nyumbani kwa magongo, nikawaambia watu kwamba nilikwenda kutafuta soko nikapata ajali ya gari. Kwa kuwa nilikuwa nimekonda na nimeinamia magongo, wengi waliona nimebadilika bila kujua ni nini hasa kilichobadilika. Leo nina sentimita 166, na miezi 15 imepita.

Natembea bila gongo, na mtu asiyejua hawezi kugundua kitu. Lakini, Mama, siwezi kukimbia kwa kasi. Nikichuchumaa, magoti hayakunji hadi mwisho. Zamani boti ikikaribia ufukweni nilikuwa wa kwanza kuruka. Sasa nasubiri kubebwa mgongoni na vijana wa mwaloni kama mwalimu mgeni aliyepangiwa kisiwani. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe ya Mabatini, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, ameniuliza kwa nini siku hizi nashuka ngazi ubavu ubavu kama kaa.

Miezi miwili iliyopita, saa tatu usiku, nikiwa napanda kwenda nyumbani na fedha za mauzo mkobani, vijana wawili walinivamia, na wa tatu alikuwa anawasubiri kwenye pikipiki. Niliinua mguu kupiga teke ambalo nimelipiga maelfu ya mara mazoezini. Mguu ulichelewa. Nilianguka kwa ubavu juu ya mawe, wakauchukua mkoba na kuondoka bila hata kuharakisha. Tangu siku hiyo paja la kulia linauma kila jioni. Sijamwambia daktari yeyote.

Wizi ulipozidi, mkutano wa mtaa uliamua kufufua sungusungu, ulinzi wa usiku wa wananchi wenyewe: kila nyumba itoe mwanamume mmoja. Kipindi cha magongo nilisamehewa, lakini safari hii mwenyekiti alinisimamisha mbele ya watu akasema, “Kijana mrefu, mwana karate, huyu ndiye tunayemtaka mstari wa mbele.” Walipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuitwa mrefu hadharani, na nilitamani ardhi ipasuke.

Zamu yangu inaanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Nikikataa, nitaitwa mwoga, au watasema nina ushirika na wezi. Nikisema ukweli, Kipisi amejinunulia miguu, na hadithi hiyo itavuka ziwa kabla ya jua kuzama. Nikienda, nitakimbizaje mtu? Nimefikiria kurudi dojo, ukumbi wa karate, kimya kimya kwa wiki hizi tatu, nimefikiria kutembea na panga, na nimefikiria hata kuomba kibali cha bastola. Daktari wa Uturuki anasema vyuma vitolewe, lakini nimeahirisha mara mbili kwa sababu ya gharama na kwa kuogopa kuanza upya. Je, nguvu zangu zitarudi, au niliuza uwezo wa kujitetea kwa sentimita 7?

Mrefu wa Juzi, Mwanza

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Nakupa pole ya mkoba, ya kuanguka na ya lile swali la mjomba, ambalo naona bado halijapona hata kama mifupa imeunga.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona imebeba mambo zaidi ya moja. Unauliza kama mwili wako utarudi kuwa na uwezo uliokuwa nao. Unauliza ufanye nini na zamu. Na chini ya hayo mawili lipo jambo ambalo hukuliuliza waziwazi, nalo ni la siri uliyoibeba kwa miezi 15. Lakini kabla ya yote hayo niruhusu nishike sentensi moja uliyoipitia haraka: paja la kulia linauma kila jioni tangu ulipoanguka, na hujamwambia daktari yeyote.

Mimi si tabibu, kwa hiyo sitakuambia maumivu hayo ni ya nini. Huenda ni misuli iliyochubuka tu. Lakini mfupa uliorefushwa una chuma ndani yake na sehemu mpya iliyoota katikati, na mtu mwenye mfupa wa namna hiyo akianguka juu ya mawe kisha akaumwa kwa miezi miwili, anahitaji picha ya eksirei na mtaalamu wa mifupa wa kuisoma, tena mtaalamu atakayeambiwa ukweli wote wa upasuaji. Ukimwambia ni ajali ya gari, atakuwa anatafuta kitu kingine. Hospitali kubwa ya rufaa unaiona juu ya kilima kila ukifika katikati ya mji, na huko daktari anafungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri yako. Suala la zamu, la dojo na la vyuma yote yanasubiri picha hiyo, na mtu yeyote, mimi nikiwemo, atakayekupangia mazoezi kabla haijaonekana atakuwa anabahatisha juu ya paja lako.

Sasa nije kwenye swali lako la kama uliuza uwezo wako. Njia hii ya kurefusha mifupa haikubuniwa kwa ajili ya kimo. Daktari Gavriil Ilizarov alianza kuitumia Kurgan, huko Siberia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji uliokuwa na majeruhi wengi wa vita ambao mifupa yao ilikataa kuunga. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa, ukivutwa polepole kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, hujaza pengo kwa mfupa mpya. Lakini mfupa hauvutwi peke yake. Misuli, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu vyote huvutwa pamoja nao, lakini vyenyewe havioti kwa wepesi wa mfupa. Mfupa mpya wenyewe huanza ukiwa laini na huchukua miezi mingi kukomaa, na misuli huweza kuchelewa zaidi, hasa kwa mtu aliyeacha mazoezi ya viungo mapema. Barua yako haisemi neno lolote kuhusu mazoezi hayo tangu urudi, nami nimebaki najiuliza: ulipokuwa unaificha safari yako ya Uturuki, je, hukulazimika kuficha pia uhitaji wako wa kwenda kwa mtaalamu wa viungo mara mbili au tatu kwa wiki?

Huyo Ilizarov aliwahi kumtibu Valeriy Brumel, Mrusi aliyeshikilia rekodi ya dunia ya kuruka juu, mita 2.28, na aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka 1964. Mwaka uliofuata aliumia mguu vibaya katika ajali ya pikipiki. Madaktari walihangaika naye kwa miaka kabla hajafika Kurgan, na baada ya matibabu aliweza tena kuruka zaidi ya mita 2. Ile 2.28 hakuifikia tena. Sikusimulii habari hii ili nikutie moyo wala nikuvunje. Wapo wanaorudi kwenye michezo baada ya upasuaji wa kurefusha na wakaridhika, wapo wanaorudi wakiwa pungufu kidogo kuliko walivyokuwa, na wapo wanaobaki na goti lisilokunja vizuri. Miezi 15 kwa sentimita 7 za mapaja si muda wa kukata tamaa, na pia si muda wa kudhani kwamba yaliyobaki yatajirekebisha yenyewe.

Lipo jambo kuhusu lile teke ambalo ningependa ulifikirie. Wewe unasema mguu ulichelewa. Mwili wako ulijifunza karate kwa miaka zaidi ya 10 ukiwa na mapaja ya urefu fulani, na unajua kwa mazoea goti linafika wapi na uzito unahamia lini. Sasa paja ni refu zaidi, kiuno kiko juu zaidi, na misuli inayoliinua bado ina kazi ya kufidia. Mikono haikuongezeka hata nukta, kwa hiyo ngumi yako inafika mbali kadiri ilivyokuwa inafika, ila inatoka kwenye bega lililopanda. Mwili huu unahitaji kufundishwa upya, taratibu, kama mwanafunzi wa mkanda mweupe. Kwa hiyo wazo lako la kurudi dojo silioni kuwa baya hata kidogo. Kinachonitisha ni zile wiki tatu, na neno “kimya kimya.” Mwalimu asiyejua kwamba una vyuma mapajani atakupanga upambane na mwenzako kama zamani. Mwalimu anayejua, na aliyepewa mipaka na daktari, anaweza kukuanzishia kata (ile mifuatano ya mienendo ya karate) za polepole, misimamo na namna ya kuanguka bila kuumia, akaacha mapambano na mateke ya kuruka hadi utakaporuhusiwa. Yule mwalimu wako wa karate wa sekondari bado yupo? Nauliza kwa sababu wakati mwingine mtu wa kwanza kuambiwa siri si lazima awe ndugu wala mwenyekiti.

Niruhusu pia niutilie shaka kidogo usiku ule kama unavyoukumbuka. Unauhesabu kama usiku ambao Kipisi angeshinda na Mrefu akashindwa. Walikuwa watatu, ilikuwa giza, njia ya mawe, nawe una mkoba begani. Hata Kipisi wa miaka 25, akiwa na goti zima, nadhani mwalimu wake angemwambia auachie mkoba. Kuuachia mkoba ni kujitetea pia. Wewe unajua kuliko mimi kwamba fedha za mabondo siku hizi zinaweza kulipwa kwa simu au kupelekwa benki mchana, na kwamba anayepanda Mabatini saa tatu usiku na fedha taslimu anajulikana. Sikulaumu. Nasema tu kwamba sehemu ya usalama wako haimo mapajani kabisa.

Kuhusu panga, nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu limenipa wasiwasi kuliko mengine. Mtu asiye na uhakika wa kusimama imara akibeba panga, yumkini analibebea adui yake. Bastola ina kibali chake, mafunzo yake na masharti yake, na mchakato huo hauwezi kukamilika ndani ya wiki tatu hata kama ungeamua leo. Sheria yetu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, lakini kijana akikimbia na mkoba nawe ukamkata mgongoni, utakuwa na kesi ya kujibu. Na hofu uliyonayo sasa ni ile ya mtu aliyeaibishwa, na hofu ya namna hiyo, mwanangu, haipimi vizuri.

Tuje sasa kwenye zamu. Umeiona kama mashindano ya mbio. Sungusungu ilizaliwa huku kwetu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, na nguvu yake haikuwa kasi ya mtu mmoja. Ilikuwa wingi, mwano (ukelele wa kuitana), na kila mmoja kujua amesimama wapi. Lindo la mtaa lina wa kukimbia, lakini lina pia wa kukaa njia panda na filimbi na tochi, wa kuandika daftari la zamu, wa kupiga simu polisi, na wa kuhakikisha aliyekamatwa anafikishwa kituoni akiwa hai badala ya kuuawa kwa hasira. Kazi hii ya mwisho naiona ngumu kuliko zote, na inahitaji mtu mtulivu. Sijui mtaa wenu umejipanga vipi, ila nadhani swali la “niende au nisiende” linaweza kuwa na milango zaidi ya miwili.

Unaweza kumwendea mwenyekiti faragha na barua ya daktari inayosema kwamba una vyuma kwenye mifupa ya mapaja na hutakiwi kukimbia wala kuruka hadi tarehe fulani. Barua hiyo itakuwa kweli tupu, na haitalazimika kueleza vyuma viliingiaje. Hatari yake ni kwamba ile hadithi ya ajali itazidi kuota mizizi, na mwaka ujao itakuwa ngumu zaidi kuing'oa. Unaweza kuchangia fedha badala ya zamu, kama baadhi ya mitaa inavyoruhusu, lakini mtu anayejulikana kuwa na fedha za mabondo akilipa ili alale, majirani waliomaliza usiku kwenye baridi ya ziwa wanaweza kumwangalia kwa jicho lingine. Unaweza kukaa kimya na kwenda. Hapo nitasema wazi kwamba naogopa kwa niaba yako, kwa sababu mwenzako atakapokuita usiku umsaidie hatajua kwamba mguu wako unachelewa, naye atakuwa ameweka mgongo wake mikononi mwako. Siri yako hapo itakuwa imeacha kuwa yako peke yako.

Na unaweza kusema ukweli. Simaanishi kwenye mkutano. Namaanisha kwa mtu mmoja, wawili. Unadhani watacheka, na baadhi watacheka kweli. Mwanza ni mji wa utani na mwaloni ndiko utani unakozaliwa. Lakini nimejiuliza kitu kuhusu yale makofi. Mwenyekiti alikuita mrefu, nawe ukatamani ardhi ipasuke. Ulilipia neno hilo kwa miaka mitano ya akiba na siku 70 za maumivu, na lilipokuja hukuweza kulipokea. Ni urefu uliokuaibisha pale, au ni kujua kwamba wanaokushangilia hawajui walichokishangilia? Sina jibu. Wewe unaweza kuwa nalo, na pengine litakusaidia kuamua uwaambie wangapi kuliko hesabu yoyote ya nani atacheka.

Sitasema ulikosea kwenda Istanbul. Wapo watakaokuambia ungejikubali ulivyo, na mara nyingi ni watu warefu. Wala sitasema kwamba sentimita 7 zimekutendea haki, kwa sababu binti wa posa ile hayumo katika barua yako isipokuwa kwenye mzaha wa mjomba wake, na sijui kama ulikuwa unarefuka kwa ajili yake, kwa ajili ya mjomba, au kwa ajili yako mwenyewe. Kuhusu kutoa vyuma, gharama na hofu yako naielewa; muulize mtaalamu atakayekuona hapa awasiliane na yule wa Uturuki, wapange pamoja ni lini, na baada ya kuvitoa ukae muda gani bila mazoezi mazito, maana mfupa uliotolewa chuma nao huhitaji kupewa muda. Ukijua tarehe hizo, hata mazungumzo na mwenyekiti yatakuwa na mwisho unaoonekana.

Utakapokwenda kwa mtaalamu wa viungo, usianze na wale vijana wa pikipiki. Anza na kile alichokiona mtoto wa dada yako. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki ya mtu anayeshuka mlima, na anayeshuka ubavu ubavu huenda anaeleza, bila kujua, breki hizo zimefikia wapi. Hesabu ngazi zenu za mawe kuanzia mlangoni hadi barabarani, uone ni ya ngapi ndipo unapogeuka upande, na umpelekee namba hiyo. Kisha niandikie picha imeonyesha nini.